Sproketi Nitaweka Ikiwa Yangu

Kiswahili kimeyagawia kazi maneno mnyororo na cheni, na ingawa sijaona popote mgawanyo huo umeandikwa, kila mtu anaujua. Mfungwa hufungwa mnyororo. Watumwa walioteremshwa pwani hadi Bagamoyo walifungwa minyororo. Lakini shingoni mwa bibi harusi ni cheni, na kwenye pikipiki ni cheni. Kamusi itakwambia ni kitu kilekile. Nenda gereji kamwambie fundi "mnyororo wangu umelegea" uone atakavyokutazama. Na siku hizi mnyororo umepata kazi nyingine, ya semina: mnyororo wa thamani. Nimeandika habari za kilimo mkoani Morogoro kwa miaka kadhaa sasa, na sidhani kama nimewahi kutoka ukumbini bila kusikia mnyororo wa thamani wa mboga, wa maziwa ya mbuzi, wa viazi. Kwenye slaidi huchorwa kwa mishale. Mkulima, mshale, msafirishaji, mshale, mlaji. Halafu chai na sambusa.

Huyo msafirishaji wa kwenye slaidi, ukipanda Mgeta, ni kijana na pikipiki ya cc 125. Unatoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga unakata kushoto na kuanza kuipanda Milima ya Uluguru. Huko juu kuna baridi, kuna karoti, kabichi na njegere, kuna mashamba yaliyobandikwa kwenye miteremko kiasi kwamba ukiyatazama kutoka ng'ambo ya bonde unajiuliza huyu mtu analima amesimamaje. Mboga zile ndizo zinazoliwa Morogoro na Dar es Salaam. Kabla hazijapakiwa kwenye lori, nyingi hushushwa na pikipiki kutoka vijijini, viroba viwili au vitatu vimefungwa nyuma kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, dereva amekaa juu ya tangi la mafuta kwa sababu kiti chote kimechukuliwa na kabichi.

Na mzigo wote huo unavutwa na kitu chembamba kuliko kidole changu.

Cheni ya pikipiki hizi ndogo huandikwa namba 428. Ile 4 ya mwanzo maana yake ni sehemu nne za nane za inchi, yaani nusu inchi, milimita 12.7, ambayo ni umbali kutoka pini moja hadi pini inayofuata. Upana wa ndani, pale meno yanapoingia, ni karibu milimita 8. Muundo wenyewe ni wa zamani kuliko pikipiki. Mwaka 1880, Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, alibuni cheni yenye pini ndani ya bushi na rola juu ya bushi, na hadi leo hakuna aliyeona sababu ya kubadilisha wazo lile. Ukiishika pingili moja na kuichungulia utaiona: pini, bushi, rola. Ikiwa pingili 118, basi kuna pini 118 zinazozunguka ndani ya bushi zake, kidogo tu, kila zinapopita kwenye sproketi, maelfu ya mara kwa siku.

Ndiyo maana neno "cheni imetanuka" linapotosha. Chuma hakijatanuka hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba kila pini imelika kidogo, na kila bushi imelika kidogo, na huo "kidogo" umejumlishwa mara 118. Cheni mpya ukiivuta ikanyooka na kupima pingili 20, unapata milimita 254. Ikifika 259 hivi, imeongezeka asilimia 2, na hapo imekwisha, hata kama inang'aa. Yangu fundi aliipima kwa futi ya kukunja, akapata 261, akanionyesha bila kusema neno. Kisha akaishika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuivuta kwa vidole viwili. Ikatoka. Nusu ya jino ikawa wazi, hewa inapita chini yake.

Nilikuwa nimeshaisikia kabla ya kuiona. Ukiondoka na gia ya kwanza inagonga, krak, halafu kimya, halafu krak. Kwenye mlima inagonga zaidi. Alama za kukazia kule nyuma zilikuwa zimefika mwisho, gurudumu halina tena pa kurudi.

Sasa hapo mtaani kuna dawa tatu. Ya kwanza ni kukata pingili. Watu husema "kata moja", ila kwa kawaida huwezi kukata moja, kwa sababu pingili za nje na za ndani hupishana. Unakata mbili, milimita 25.4, gurudumu linasogea mbele kama milimita 12, na unapata pa kukazia tena. Cheni inaonekana ngumu. Lakini pingili zilizobaki ni zilezile zilizolika, umbali wa pini kwa pini ni uleule uliokwisha haribika, na bado zinapanda juu ya meno. Dawa ya pili ni kununua cheni peke yake. Ya tatu ni seti nzima: cheni, sproketi ya mbele, sproketi ya nyuma.

Ya pili ndiyo inayouzwa sana, na ndiyo mbaya kuliko zote. Cheni iliyolika na sproketi iliyolika zimezoeana. Meno yamechongoka kufuata cheni ile, yamelala upande mmoja kama pezi la papa. Ukileta cheni mpya, yenye pingili za nusu inchi kamili, haikai kwenye mabonde yale. Badala ya mzigo kubebwa na meno mengi kwa pamoja, unabebwa na jino moja au mawili, na rola inakwaruzwa kila inapoingia na kutoka. Sproketi mbovu huila cheni mpya haraka kuliko vumbi lote la Mgeta.

Nikaenda dukani. Msamvu na katikati ya mji kuna maduka ya spea kila hatua chache, yote yana maboksi yanayofanana, na kila boksi limeandikwa kwamba ni halisi. Kulikuwa na seti ya shilingi 18,000 na seti ya shilingi 38,000. Fundi wangu alikuwa amenipa tupa ndogo mfukoni, na maelekezo: "Dada, piga tupa kwenye jino, taratibu. Ikiteleza, chukua. Iking'ata, rudisha." Jino zuri limeunguzwa likawa gumu juu, tupa inateleza kama juu ya kioo. Jino la chuma laini linalika pale pale na kutoa unga. Mwenye duka wa kwanza hakufurahi kuniona natoa tupa, akaniuliza nimetumwa na nani. Wa pili alicheka, akaniambia niendelee, na kwake ndipo niliponunua. Ile ya 18,000 iling'ata.

Kulikuwa na swali moja la kuamua pale kaunta, na nalileta kwa sababu linahusu hesabu ninayoipenda. Pikipiki yangu ilikuwa na meno 15 mbele na 42 nyuma. Gawanya: sproketi ya mbele inazunguka mara 2.8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka ya meno 14 mbele, inakuwa mara 3 kamili. Jino moja tu, lakini mlimani utalihisi, injini haihangaiki, gia ya pili inapanda pale ambapo ulikuwa unashuka hadi ya kwanza. Bei yake unailipa kwenye lami, injini inapiga kelele ukiwa mwendo wa kawaida tu, na mafuta nayo. Vijana wa Mgeta wengi huweka 14. Mimi narudi mjini kila jioni, nikabaki na 15.

Gereji yenyewe ni mwembe, benchi, na turubai. Kazi ilianza mbele. Fundi alifungua pedeli ya gia, akatoa mfuniko wa kushoto wa injini, na nyuma yake kulikuwa na tope jeusi lililoganda, mchanganyiko wa grisi, vumbi na kitu kama ugali. Alilichokoa kwa bisibisi. Akaniambia nikanyage breki ya nyuma, nisiachie, kisha akalegeza bolti mbili za namba 10 zinazoshika sproketi ndogo. Hii hufanywa cheni ikiwa bado imefungwa. Ukishaitoa cheni hakuna kinachoishika ile sproketi, itazunguka na spana yako mpaka jioni.

Halafu klipu, kwa plaizi. Halafu cheni ikatoka yote, ikaanguka kwenye karatasi ya boksi kama nyoka aliyechoka. Gurudumu la nyuma likafuata: fimbo ya breki, nati ya ekseli, nyundo mbili tatu. Sproketi kubwa imeshikwa na nati nne, kila mbili zina kibati kilichokunjwa ili zisilegee. Fundi alivinyoosha vibati, na kabla ya kufunga mpya akalitikisa lile kombe linalobeba sproketi. Ndani yake kuna raba zinazopokea mshtuko. Zikilika, sproketi inacheza mbele na nyuma kila unapokata mafuta, na hata cheni mpya itagonga. Zangu zilikuwa bado.

Alipokuwa anaweka cheni mpya nilimuuliza kuhusu oili chafu. Kila kijiwe kina chupa ya plastiki yenye oili nyeusi iliyotolewa kwenye injini, na kila asubuhi madereva huimwagia cheni. Akasema, ni afadhali kuliko kuacha kavu. Lakini oili ile ina unga wa chuma wa injini ndani yake, na ikikutana na mchanga inakuwa msasa. Yeye hutumia oili ya gia, ile nzito ya 90, na humwaga jioni, cheni ikiwa na joto, kwenye upande wa ndani wa mstari wa chini, ili usiku iingie kwenye pini. Asubuhi hufuta iliyobaki nje. Oili iliyo nje haina kazi isipokuwa kukamata vumbi.

Honda walipotoa CG125 mwaka 1976, pikipiki iliyolengwa kwa nchi ambako mashine hubebeshwa mizigo na kupata matunzo haba, waliifunika cheni yote ndani ya kava. Injini ile imerudufiwa China mara nyingi sana, na huenda wewe msomaji umeshapanda mjukuu wake leo asubuhi. Kava ndilo ambalo halikudumu. Bolti zake hulegea, linapiga kelele, dereva analitoa na kulitupa. Langu lilishatoka kabla sijainunua pikipiki.

Tulikuwa tumefika hapo, gurudumu limerudi lakini halijakazwa, alipoingia kijana wa Mgeta. Pikipiki yake ni aina moja na yangu, tofauti ni rangi na umri wa uchovu. Alisimama, akazima, akasema:

"Fundi, shikamoo. Niwekee cheni tu."

"Marahaba. Cheni tu? Ya ngapi hii mwaka huu?"

"Ya tatu."

Fundi aliinama kuitazama sproketi yake ya nyuma. Hakuhitaji futi. Meno yalikuwa makali kama misumari. "Na meno haya?"

"Sproketi nitaweka ikiwa yangu."

Nilimuuliza ina maana gani, ikiwa yake. Yuko kwenye mkataba. Tajiri alinunua pikipiki, kadi anayo tajiri. Kijana anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kila siku kwa siku 420, na siku ya mwisho anakabidhiwa kadi. Siku asiyopeleka haifutwi, inasogezwa mbele. Matengenezo yote ni juu yake: oili, tairi, breki, cheni. Alikuwa amebakiza siku 41. Alizitaja jinsi mtu anavyotaja umri wa mtoto wake.

Nikafanya hesabu kichwani, naye akaniona naifanya. Cheni tatu za shilingi 13,000 ni 39,000. Seti niliyonunua asubuhi ile ni 38,000.

"Najua, dada," alisema. "Nimeshaipiga hiyo hesabu. Ila siku ile ya kwanza sikuwa na thelathini na nane. Nilikuwa na kumi na tano, na saa kumi na mbili jioni tajiri anataka kumi yake. Sasa ya pili nayo hivyo hivyo."

Hesabu yangu ilikuwa na kosa la kimya: inachukulia kwamba 39,000 zake zilikuwepo siku moja. Hazikuwahi kuwepo siku moja. Na kulikuwa na jambo jingine alilolisema baadaye, huku anachezea ufunguo. Kila alichoweka kwenye pikipiki hadi siku ile alikuwa anakiweka kwenye mali ya mtu. Tajiri akiamua kesho kuichukua kwa sababu ya hesabu kulala siku tatu, ataichukua na sproketi zake mpya. Ameona ikitokea kijiweni kwao. Kwa hiyo unaweka kile kinachokufikisha jioni. Siku 420 za kuweka kile kinachokufikisha jioni, halafu unakabidhiwa kadi ya pikipiki iliyotunzwa hivyo.

Sidhani tajiri wake ni mtu mbaya. Kijana mwenyewe hakumlalamikia. Ila mkataba ule umemgawia mmoja umiliki na mwingine uchakavu, na cheni iko katikati yao.

Fundi yeye alikuwa na wasiwasi wa kiufundi zaidi, na mimi nilikuwa upande wake. Cheni ikiruka kwenye tambarare unasimama, unatukana, unairudisha, unachafua mikono. Ikiruka ukiwa unashuka kutoka Nyandira na viroba vitatu, mambo ni mengine. Anayeshuka mlima mrefu hutegemea gia kumshika. Injini ndiyo inayozuia gurudumu. Cheni ikitoka, injini haishiki tena chochote, umebaki na breki zilizokwisha pata moto. Au inajikunja kati ya sproketi ndogo na injini, gurudumu la nyuma linafunga papo hapo, na pengine inapasua kava la injini. Katika taarifa za ajali za bodaboda zilizopita mikononi mwangu chanzo ni mwendokasi, ulevi, kukosa leseni, kuyapita magari vibaya. Sikumbuki hata moja iliyotaja cheni.

"Siku arobaini na moja kwa meno haya hufiki," fundi alimwambia. Kijana akakaa kimya.

Kisha fundi akaiokota sproketi yangu ya zamani kutoka kwenye karatasi. Akaifuta kwa tambara, akaigeuza juani, akapitisha kidole gumba upande wa pili wa meno. Jino la sproketi hulika upande mmoja zaidi, ule unaovutwa. Upande wa pili huguswa tu unaposhuka na gia. Sproketi ya nyuma ni sahani bapa, kwa hiyo unaweza kuifungua, ukaigeuza kushoto kulia, na ukapata upande ambao haujaliwa sana. Mafundi huita kugeuza tu. Ya yule kijana ilikuwa imeshageuzwa tangu cheni ya pili, ndiyo maana meno yalikuwa misumari: imeliwa pande zote mbili. Yangu ilikuwa haijawahi kugeuzwa.

"Dada, hii unaihitaji?"

Sikuwa na kazi nayo. Zangu za zamani huishia kwa wanaonunua chuma chakavu kwa kilo.

Ya mbele yangu haikufaa. Ndogo huzunguka karibu mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa kubwa, kwa hiyo jino lake hukutana na cheni mara nyingi zaidi, na ilikuwa imekwisha. Lakini ndogo ni rahisi, shilingi 6,000. Kijana alihesabu alichokuwa nacho, akaenda dukani kwa miguu, akarudi na cheni na sproketi ya meno 14. Niliona fundi ametoa tupa na kuipitisha kwenye jino kabla ya kuifungua kwenye nailoni. Iliteleza.

Yangu ikamaliziwa kwanza. Alama za kushoto na kulia kwenye ekseli zikawekwa sawa, kwa sababu gurudumu likikaa mshazari cheni inakula meno kwa ubavu. Klipu iliingizwa upande uliofungwa ukitazama mbele, kule cheni inakoelekea, ili kitu kikiigusa kisiifungue. Cheni ilikazwa hadi ikabaki inacheza juu na chini kama milimita 25 katikati ya mstari wa chini, na gurudumu likazungushwa polepole kutafuta pale inapokaza zaidi, kwa maana hapo ndipo pa kupimia. Nilimwona kijana anaangalia kwa makini sana wakati wa kukaza. Wengi hukaza cheni hadi inalia kama gitaa, wakidhani ndiyo uzima. Akiketi dereva na mzigo, gurudumu linapanda, cheni inakaza zaidi, na beringi ya gia ndani ya injini inalipa.

"Rudi baada ya kilomita mia tatu," fundi aliniambia. "Mpya hulegea kidogo mwanzoni."

Ya kijana ilichukua nusu saa. Sproketi yangu iligeuzwa, ikafungwa kwa nati zake nne, vibati vikakunjwa. Aliizungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa, haikugonga. Hela ya kazi hakuwa nayo. Alibakiza ile 10,000 ya jioni na nauli ya mafuta hadi Sangasanga, ambako kulikuwa na mtu wa njegere anamsubiri tangu saa nne. Fundi akafungua daftari lake la kaunta, lile la wadaiwa, akaandika tarehe, akaandika "Mgeta, kugeuza + cheni, 5,000", akalirudisha chini ya benchi. Kisha akaniomba nitoe pikipiki yangu kivulini, kuna mwingine anasubiri na pancha.